Utu Hufundishwa Wodini



Wahitimu wa vyuo vya uuguzi huapa hadharani, mshumaa mkononi, kwamba watamhudumia mgonjwa bila ubaguzi. Juma hili tumejiuliza: moyo wa kukitimiza kiapo hicho hujengwa wapi, darasani au wodini?

Tunakumbuka Mei 2015. Maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikazuka, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Meli ya Liemba iliwaleta wakimbizi Kigoma mjini, na wauguzi wakawatundikia dripu watu wasiokuwa raia wa nchi hii. Huo ndio utu. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, mwaka 2013, iliutaja miongoni mwa tunu za taifa. Rasimu ile haijawa Katiba, lakini utu haungoji kura ya maoni.

Kusini mwa mwambao huu, huko Karema, Adrien Atiman alianza kutibu watu mwaka 1889, akafia huko mwaka 1956. Utotoni alitekwa na kuuzwa. Mapadre Weupe walimkomboa, akasomea utabibu Malta. Aliyewahi kuuzwa kama bidhaa alijua kwamba mgonjwa si bidhaa. Sisi wa Ujiji, mji wa misafara ya watumwa, tulipaswa kulielewa hilo mapema.

Mwanafunzi aweza kueleza maana ya utu katika mtihani, akapata alama zote. Kesho yake wodini anamwona mkubwa wake akimkaripia mama mwenye uchungu kwa kuja bila glavu. Mama mmoja alitusimulia mkasa wa namna hiyo. Kilichomuumiza zaidi, alisema, ni kwamba wanafunzi wawili walikuwapo, nao wakacheka. Hawakuzaliwa na kicheko kile, walikifunzwa.

Tunajua kwamba wauguzi ni wachache, zamu ni ndefu, na pengine glavu hazipo kweli. Asiyekesha wodini asiwahukumu upesi. Hata hivyo, uhaba wa glavu hauhalalishi uhaba wa heshima. Neno la upole halitoki bohari.

Kwa hiyo tunashauri vyuo vyetu vimpime mwanafunzi namna anavyosema na mgonjwa maskini, kama vinavyompima kuchoma sindano. Na anayemwaibisha mgonjwa asikabidhiwe mwanafunzi wa kumfundisha, hata awe na ujuzi kiasi gani.

Mwanasheria alipomuuliza Yesu jirani yake ni nani, hakupewa maana ya neno. Alionyeshwa Msamaria akifunga majeraha ya mtu asiyemjua. Wanafunzi wetu nao wanahitaji mtu wa kumtazama. Tuwaombee wakufunzi wao, na sisi tunaokwenda kuwaona wagonjwa tujichunguze pia.

Tunawatakieni juma lenye baraka.