Kijana akinasa kwenye "biashara ya mtandao", mzazi anaanzia wapi?

Simu huwa inapigwa usiku, watu wakishakula. "Shikamoo mama. Kazi nimepata, ila wanataka nilipie mafunzo na usajili kabla ya Ijumaa." Mama wa Mlimba au Mang'ula ambaye kijana wake amemaliza kidato cha sita na kukaa nyumbani msimu mzima hahitaji kubembelezwa. Magunia ya mpunga yaliyokuwa yakisubiri bei ya Februari yanatolewa stoo na kuuzwa kwa bei ya mavuno. Hela isipotosha, baba anatafuta wa kumkopesha kwa dhamana ya shamba.

Miezi mitatu inapita, mshahara hakuna. Kijana yuko mji wa mbali, analala chumba kimoja na wenzake wengi, kila asubuhi anavaa tai kwenda semina. Kazi aliyoitiwa haipo. Alichopewa ni uanachama, na ili hela yake irudi anatakiwa aingize watu wawili, nao waingize wawili wawili. Anaowajua ni binamu zake wa Ifakara na waliosoma naye. Ndiyo maana simu zake za siku hizi hazimuulizi tena bibi hali, zinauliza kama binamu fulani amepata ajira.

Baadhi ya biashara hizi huuza saa, vidonge au mashine ya kuchuja maji. Nyingine huuza vifurushi vya likizo: kijana wa Kiberege ambaye hajawahi kulala hotelini anajikuta ana karatasi ya siku kadhaa za hoteli nchi za nje, asizo na nauli ya kuzifikia. Wazungu wanaijua biashara ya jamii hii kwa miaka mingi. Mtu hualikwa chakula cha bure, hukalishwa saa kadhaa na wauzaji wanaopokezana, hutoka amesaini kununua zamu ya wiki moja kila mwaka kwenye nyumba ya mapumziko, pamoja na ada ya matunzo inayomfuata kila mwaka, atumie asitumie. Malalamiko yalipokuwa mengi, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2008 inayompa mnunuzi siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu yoyote.

Kwa mzazi wa Kilombero, mlango ulio karibu ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo inataka makubaliano yafanywe kwa ridhaa huru. Ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu, kwa maelezo ya uongo au kwa vitisho inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Kijana aliyeambiwa "ajira" akapewa uanachama ana hoja. Aliyesaini kabla hajatimiza miaka 18 ana hoja nzito zaidi, kwa kuwa kisheria hakuwa na uwezo wa kuingia mkataba. Hapo cheti cha kuzaliwa kinatosha kufungua mazungumzo. Lakini hoja hupoa. Anayejua kwamba alidanganywa kisha akaendelea miezi sita kuhudhuria, kulipa na kuingiza wengine, anampa mwenzake nafasi ya kusema aliridhika.

Kwa hiyo la kwanza ni kusimamisha malipo, hata kama wanasema kimebaki kiasi kidogo "kupanda ngazi". La pili ni kumzuia kijana asimwingize mtu. Hili wazazi wengi hulipuuza, wakiona afadhali aingize wawili arudishe hela ya mpunga kisha atoke. Hiyo hela itatoka mfukoni mwa shangazi yake. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171A, inaufanya upatu wa aina hii kuwa kosa la jinai, na anayekusanya watu hawezi kusema yeye ni mteja tu. Wenye umri watakumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009: watu waliambiwa wapande mbegu wavune. Wakulima, ambao wanajua mbegu inavyokufa mvua ikikata, walipanda pamoja na wengine, na viongozi wake wakaishia kizimbani Kisutu.

La tatu ni ushahidi. Meseji za kutuma fedha zisifutwe. Ziandikwe pia kwenye daftari, tarehe, kiasi na jina lililotokea kwenye simu. Ujumbe wa WhatsApp ulioahidi ajira ndio wenye thamani kuliko yote, maana unaonyesha uongo ulianzia wapi. Karatasi aliyosaini ipigwe picha pande zote mbili. Kisha iandikwe barua fupi ya kujitoa, kwa Kiswahili cha kawaida: nimedanganywa kwa hili na hili, navunja mkataba, naomba kurudishiwa kiasi hiki kilicholipwa tarehe fulani. Nakala ibaki nyumbani.

Polisi waelezwe mapema na namba ya taarifa ichukuliwe. Meseji za kitapeli zinaweza kutumwa TCRA kwa namba 15040. Kama mpokeaji wa fedha anajulikana na deni halizidi shilingi milioni 30, Mahakama ya Mwanzo inaweza kulisikiliza dai la fedha zilizotokana na mkataba, kwa Kiswahili, na mzazi anaweza kusimama bila wakili. Ambaye karatasi zinamtisha atafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza. Fedha kurudi zote ni jambo gumu, na mzazi aambiwe ukweli huo mapema. Atakapotokea mtu kwenye simu anayejua kila kitu na kuahidi kuzirudisha kwa "ada kidogo ya faili", akatwe palepale. Orodha za waliotapeliwa huuzwa kama bidhaa nyingine.

Kumtoa mtoto mwenyewe ni kazi nyingine, na hapa sheria haisaidii sana. Kinachomweka kule mara nyingi ni aibu: aliondoka stendi ya Ifakara akiagwa na ukoo mzima. Semina nazo zimemfundisha kwamba ndugu wanaompinga ni "waua ndoto", hivyo baba akimfokea anatimiza utabiri wao. Lifaalo ni maneno machache: "Mpunga ulishauzwa, mwanangu, hilo tumelimaliza. Njoo kwanza." Asitumiwe nauli mkononi, kwa sababu nauli huishia kwenye ada. Tiketi ikatwe na ndugu aliye karibu, na ikiwezekana ndugu huyo amfuate alipo na kuhakikisha vyeti vyake vimerudi begani.

Akifika asisimangwe mbele za watu, lakini pia asifichwe. Binamu aliowapigia wanatakiwa kusikia kwa mdomo wake kwamba ajira haikuwepo. Mjomba au babu akiwaita wote jioni moja, inakuwa nafuu kuliko kila nyumba kuja kuuliza.

Linabaki deni la nyumbani. Aliyekopa ili kumtumia mtoto bado anadaiwa, hata kama mtoto alitapeliwa, kwa sababu mkopeshaji hakuhusika na uongo huo. Ni vizuri kumfuata kabla tarehe haijapita, na kuomba marejesho yasogezwe hadi mavuno ya Juni, kwa maandishi yenye sahihi za pande mbili. Mkopeshaji aonyeshe leseni yake, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Na kama nyumba ya familia ndiyo iliyowekwa dhamana, mke aulizwe kama alisaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, na mama ambaye hakuulizwa anaweza kupinga kabla dalali hajafika mlangoni.