Pikapu ya wakfu na suala la kuiongezea nguvu



Ndugu msomaji, kwa vikao vitatu mfululizo kamati ya msikiti wetu hapa Inyonga imekuwa na ajenda moja isiyokwisha: je, pikapu ya msikiti ifungwe tabo ili iongezeke nguvu, au iachwe kama ilivyotoka kiwandani? Najua wapo watakaosema kuwa jambo hili ni la gereji, halina nafasi katika ukurasa wa familia. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofungua daftari la mihutasari, ambalo mimi mwenyewe ndiye mwandishi wake.

Pikapu hiyo ni Toyota Hilux ya miaka ya tisini, yenye injini ya dizeli aina ya 3L: silinda nne, ujazo wa sisi 2,779, isiyo na tabo. Ilitolewa wakfu na mzee mmoja mfanyabiashara wa asali, Allah amrehemu, kwa masharti matatu aliyoyaandika kwa mkono wake: ibebe jeneza, ibebe mgonjwa, na isipokuwa na kazi hizo ikodishwe ili ijilipie mafuta na matengenezo. Wakati ule waliuliza baadhi yetu kama gari lafaa kuwa wakfu, maana wamezoea kusikia wakfu wa viwanja, visima na minazi. Lakini Khalid bin Walid (RA) aliziweka deraya na zana zake za vita katika njia ya Allah, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamekubali wakfu wa kitu kinachohamishika maadamu kinanufaisha huku chenyewe kikibaki. Gari linabaki. Kwa muda gani, hilo lategemea anayelitunza.

Sasa nieleze kilicholeta ajenda hii. Nasimulia kwa idhini ya baba mhusika.

Usiku mmoja wa kiangazi hiki, ndugu yetu mmoja wa safu ya mbele alitakiwa kumpeleka mkewe Mpanda kwa rufaa, uchungu ukiwa umeanza na mambo hayaendi vizuri. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Ikatoka pikapu ya msikiti. Kutoka hapa hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, na tangu barabara ya Tabora hadi Mpanda iwekwe lami tumeizoea safari hiyo kuwa nyepesi. Wazee wanaolikumbuka tope la masika huiita neema, nao wana haki. Lakini usiku ule gari lilikataa. Kila penye mwinuko dereva alishuka hadi gia ya pili, moshi mweusi ukitanda nyuma, rejeta ikichemka. Mara mbili walisimama kando ya pori kungoja ipoe. Walifika karibu na alfajiri. Mama alisalimika, walhamdulillah. Mtoto hakusalimika.

Siku tatu za taazia zilipokwisha, baba yule alinifuata nyumbani baada ya sala ya Isha. Hakukaa. Alisema: "Ustadh, lau gari lingekuwa na nguvu, mwanangu angekuwa hai."

Nilimkumbusha, kwa upole niliouweza, hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim ambamo Mtume (SAW) anatukataza kusema "lau" baada ya msiba, kwa kuwa neno hilo humfungulia shetani mlango. Aliinamisha kichwa, akashukuru, akaondoka. Nikabaki nimekaa, na moyo haukutulia. Nilikuwa nimesema kweli, ila sikuwa na hakika kama nilikuwa ndiye mtu wa kuisema.

Shemeji yake, kijana wetu anayefanya kazi Muscat, alipata habari na akaahidi shilingi milioni tatu. Pamoja na ahadi alituma video ya Nissan Patrol inayopanda mchanga wa Moreeb kule Liwa, Abu Dhabi, kilima cha mita karibu 300 kilichosimama kama ukuta. Magari yale hufungwa tabo au supachaja, akasema. Kwa nini pikapu inayobeba wagonjwa isifungwe? Swali lake lilikuwa la haki, na halikustahili kujibiwa kwa kucheka.

Basi tulijifunza kwanza. Injini huchoma mafuta kwa hewa, na kadiri inavyopata hewa ndivyo inavyoweza kuchoma zaidi. Tabo na supachaja zote ni pampu za kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Tofauti ni kwamba supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini hiyohiyo, kwa hiyo hula sehemu ya nguvu kabla ya kuzizaa, hali tabo huzungushwa na moshi unaotoka, ambao ungepotea bure. Wazo la kuutumia moshi huo lilisajiliwa na Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, mwaka 1905. Sisi wa uwanda wa juu tuna sababu ya ziada ya kulipenda. Inyonga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 hewa huwa nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini inayopumua hapa haipati hewa ile inayoipata Tanga. Ndiyo maana hata waliounda ndege za vita za karne iliyopita walizifunga vifaa hivi, ili zisikose pumzi huko juu.

Kwa hiyo hoja ya tabo si upuuzi, na mjumbe aliyeiita bid'a ya kwenye boneti aliombwa aondoe kauli yake.

Tuliipeleka pikapu Mpanda kwa fundi mtu mzima ambaye hana haraka ya kuuza kitu. Hakuanza na tabo. Alifungua chujio la hewa, akaligonga chini, na vumbi lililotoka lingetosha kutayammamia jamaa nzima. Akatoa nozeli, akazipima: mbili zilikuwa zikimwaga dizeli kama bomba badala ya kuipuliza kama ukungu. Moshi mweusi ule, alitueleza, ni dizeli isiyopata hewa ya kuiunguza. Rejeta ilikuwa imeziba nusu. Kisha akapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine, na ya tatu ikaonekana dhaifu kuliko wenzake.

Alipomaliza ndipo aliposema juu ya tabo. Hewa peke yake, alisema, haiongezi nguvu nyingi kwenye dizeli. Lazima na pampu ifunguliwe itoe mafuta zaidi, na mafuta zaidi ni moto zaidi. Kiwanda kikikusudia injini iwe na tabo huiandaa tangu mwanzo: pistoni imara, oili ya kuzipoza kwa chini, mgandamizo uliopunguzwa. Toyota walitengeneza ndugu wa injini hii, 2L-T, iliyotoka kiwandani na tabo, na hata hiyo mafundi wanaijua kwa kupasuka silinda hedi. Tabo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa juu ya utando mwembamba wa oili. Gari ambalo oili yake hubadilishwa mtu anapokumbuka haliwezi kulea kifaa cha namna hiyo. Na hata injini ikistahimili, klachi haikuundwa kwa nguvu hizo, wala breki hazikuundwa kwa mwendo huo. "Silinda ya tatu," akamalizia, "ndiyo itakayowazika."

Sikupenda alivyolichagua neno lake, lakini nililiandika.

Usiku ule ndipo nilipofungua daftari. Katika muhtasari wa kikao cha miezi minne kabla ya msiba, kwa mwandiko wangu, limeandikwa: dereva aomba fedha za chujio, nozeli na usafi wa rejeta, imeahirishwa hadi kikao kijacho. Kikao kilichofuata hakikulitaja. Tulikuwa tukijadili rangi ya uzio. Dereva hakurudia ombi, kwa kuwa ni mtu wa haya, na mimi niliye na wajibu wa kusoma yaliyoahirishwa sikuyasoma.

Wanazuoni wa fiqhi wanakubaliana kwamba pato la wakfu huanza kutumika katika kuuhifadhi wakfu wenyewe, ndipo wanaostahiki wapewe. Jambo hilo nililisoma chuoni na kulijibu katika mtihani. Pikapu ilikuwa ikizalisha, tena vizuri, na hapa pana aibu ya pili. Hilux hii ni ya kubeba tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia. Msimu wa mahindi tulikuwa tukipakia kumi na sita. Mjumbe mmoja, katika kuunga mkono tabo, alisema wazi kwamba ikifungwa tutafika ishirini. Nilikumbuka kisa kilichomo katika Sunan Abi Dawud, cha ngamia aliyemwona Mtume (SAW) akatokwa na machozi, na Mtume akamwita mwenye ngamia, kijana wa Kiansari, akamwambia kuwa mnyama huyo analalamika kwamba anamtesa kwa njaa na kumchosha kwa kazi. Gari halina machozi, lakini lile tulilolichosha kwa mahindi mchana ndilo tuliloliomba mbio usiku.

Siku ya pili nilikwenda kwa yule baba na daftari kwapani. Nilimsomea mstari ule. Nikamwambia kwamba hadithi ya "lau" ni faraja yake yeye aliyefiwa, na ni kweli kwamba ajali ya kila nafsi iko kwa Mola wake. Ila mimi niliyekabidhiwa amana sina ruhusa ya kujificha nyuma ya hadithi hiyo, na kwamba nilipomsomea mara ya kwanza nilikuwa najificha. Alikaa kimya muda mrefu. Mkewe, aliyekuwa nyuma ya pazia, ndiye aliyejibu. Alisema: "Tumesikia, Ustadh." Sijui kama ni msamaha. Sikuuliza.

Kamati imeamua. Tabo haitafungwa, wala supachaja. Nozeli zimetengenezwa, rejeta imezibuliwa, breki zimebadilishwa, na silinda ya tatu itashughulikiwa injini itakapofunguliwa baada ya mavuno. Mzigo wa kukodisha hautazidi magunia kumi, na kuanzia saa kumi na mbili jioni gari halitoki Inyonga kwa biashara, ili anayeugua usiku alikute lipo. Pato litapungua. Mweka hazina amelalamika, na ana hoja, lakini sharti la aliyetoa wakfu lilianza na jeneza na mgonjwa.

Ilibaki fedha ya Muscat. Alikuwa ameshatuma nusu, na alituma kwa jina la tabo. Fedha iliyotolewa kwa jambo mahususi haihamishiwi jambo jingine bila ridhaa ya mtoaji, hata jambo hilo jingine likiwa bora machoni petu. Tulimwandikia tukimweleza yote, pamoja na habari ya daftari. Alijibu baada ya siku sita. Aliridhia nozeli na breki zilipwe. Kiasi kilichobaki akaomba kirudi, ana kodi ya nyumba inayomkaba. Mwalimu mmoja wa madrasa aliuliza kwa nini tusimsihi akiache. Hatukumsihi. Kilirudishwa Jumatatu.

Ijumaa iliyopita, watu walipokwishatawanyika, nilimkuta yule baba ameinama kwenye boneti, chujio la hewa mkononi. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliniambia kiangazi cha mwaka huu kina vumbi baya, chujio hili halifiki mwisho wa mwezi. Nilimwita mweka hazina kabla hajatoka uani.