Kabla ya kulipa, nikaze skrubu moja

Novemba huku kwetu fundi wa paa halali. Minada ya korosho ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, ikishafanyika na fedha zikaingia, kila mkulima anataka bati ziwe juu kabla mvua haijashika. Mimi na vijana wangu wawili tunashinda juu ya papi, leo Naipanga upande wa Nachingwea, wiki ijayo Ruangwa mjini. Kazi nilifundishwa kwa nyundo na misumari ya kofia. Siku hizi ni skrubu, na mkononi kuna mashine ya betri ya kuzikazia, ile mafundi tunayoiita impakti.

Ya kwanza niliinunua kwa kusoma boksi. Ilikuwa na namba kubwa ya nguvu kuliko zote zilizokuwa rafuni, nikalipa. Ilikuwa na spidi moja tu: ukigusa triga, inaondoka nayo yote. Nikaipeleka Mbekenyera kwenye nyumba ya mama mmoja mjane, bati za migongo mipana juu ya papi za msonobari. Skrubu zilizama upesi, nikafurahi, na sikuinama kuangalia washa za mpira zilivyopasuka na kutokeza pembeni ya vichwa vya skrubu. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Alfajiri simu ikaita: “Fundi, njoo uone mwenyewe. Godoro nimelihamisha mara tatu.” Nilirudi na skrubu mpya za fedha yangu, nikarudia paa zima kwa siku mbili. Sauti ya yule mama ninayo mpaka leo.

Impakti si drili. Drili ya kawaida ikikwama hukusokota kiwiko, na ukiwa umesimama kwenye papi hilo ni jambo la kuogopa. Ndani ya impakti kuna nyundo ndogo yenye springi. Skrubu ikianza kuwa nzito, nyundo ile huanza kugonga kwa mzunguko, mapigo mengi kwa sekunde, na mkono wako haupati msokoto mkubwa. Lakini drili nyingi zina kola ya kuchagua mkazo, skrubu ikifika mwisho inaachia. Impakti kwa kawaida haina. Inayoachia ni akili ya kidole chako, na kidole hakiwezi kitu kama triga haitii.

Kwa hiyo kwangu kitu cha kwanza ni triga laini na spidi zaidi ya moja. Mbao zetu hazifanani. Mkongo au mtondoro uliokauka unataka nguvu yote. Msonobari wa kutoka Mafinga unataka spidi ya chini, la sivyo skrubu inakula mbao na kuzunguka bure. Mashine ya spidi moja inakulazimisha ufanye kazi ya mbao moja tu.

Cha pili ni ndoano ya kuning'iniza kiunoni. Watu huitupa ndani ya boksi kama kitu cha ziada. Huku juu una bati mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kenchi. Mashine utaiweka wapi? Imeshawahi kuteleza ikaanguka hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama kijana wangu. Tangu siku hiyo, isiyo na ndoano hainunuliwi nami, hata iwe ya bei gani.

Kuhusu betri, wanunuzi wanadanganywa mchana kweupe. Betri ya 18V na ile ya 20V kwa kawaida ni seli zilezile tano: kila moja volti 3.6 ikiwa kazini, karibu 4 ikiwa imetoka kujaa. Ukiona boksi limeandikwa 88V au 128V na betri ni ndogo kama ngumi, jiulize seli zote hizo zimekaa wapi. Mimi napanda na betri mbili ndogo za 2.0Ah badala ya moja nzito ya 5.0Ah, maana bega ndilo linalochoka kwanza. Nyingine inakaa kivulini, kamwe si juu ya bati. Chaja nzuri huikataa betri iliyo moto, na saa sita mchana bati la Ruangwa halishikiki.

Sasa niwaombe wenye maduka ya vifaa, Nachingwea na Ruangwa. Mnatuuzia mashine ikiwa kwenye nailoni, na tukiomba kuijaribu tunaambiwa tutaichafua. Wekeni kaunta kipande cha mkongo, kipande cha msonobari, skrubu kumi za bati na betri moja yenye chaji. Mteja akaze tano huku na tano huku, aangalie washa. Ni dakika tatu tu, na msimu ujao wa korosho nitakuja dukani na skrubu zangu mwenyewe mfukoni.