Kodi ya Jengo Ni ya Nyumba, Siyo ya Mita

Leo tuweke mbolea pembeni kidogo, maana siku hizi naulizwa habari za makato ya LUKU kuliko hata viwavijeshi.

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye genge katika mji wetu mdogo alinisimamisha: "Bwana shamba, kwani nyumba yangu imekuwa ghorofa?" Nyumba yake ni ya kawaida, moja tu, ila ina mita tatu: yake na za wapangaji wawili. Kila mita inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Wapangaji nao wanampunguzia kwenye pango, na wana haki, kwa sababu kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Kwa mwaka inamtoka 54,000, wakati nyumba ya kawaida inadaiwa 18,000. Hizo 36,000 za ziada ni mbegu za msimu.

Tangu Agosti 2021 kodi hii inakatwa kwenye umeme. Mfumo unaona mita, hauoni bati. Haujui kama mita tatu ziko chini ya paa moja. Wa kuuambia ni wewe. Lakini sisi tunalalamika kijiweni, umeme ukiingia tunasahau hadi mwezi ujao.

Fanya hivi:

1. Andika namba za mita zote, onyesha ipi ibaki kulipa. Tunza meseji za manunuzi zinazoonyesha makato.
2. Omba barua ya mtendaji kuthibitisha kuwa nyumba ni moja na ni yako.
3. Peleka maombi ya maandishi ofisi inayohusika na kodi ya majengo iliyo karibu, pamoja na kitambulisho. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayana faili.

Mzee aliyefikisha miaka 60 na anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, isiyo ya biashara, aombe msamaha wa nyumba hiyo moja. Usisubiri mtu aje kukuuliza umri.

Na tusidanganye. Nyumba mbili ni nyumba mbili, hata zikiwa kiwanja kimoja. Ukweli wako ndiyo nguvu yako.

Najua wengine mtasema nauli ya kwenda wilayani inamaliza faida. Ni kweli. Ndiyo maana naona jambo hili lisiachwe kwa mtu mmoja mmoja. Liingie kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji, mtendaji aorodheshe wenye mita zaidi ya moja na wazee, kisha maofisa wa kodi waombwe kuja siku ya gulio. Chanjo ya kuku tunaifanya kwa pamoja, na hili linawezekana.

Mkutano ujao, nyoosha mkono.