Toka Nje Ukitazame Kilimia

Ukifungua Biblia yako ya Kiswahili katika Amosi 5:8, au Ayubu 9:9 na 38:31, utakutana na jina Kilimia. Wafasiri hawakulitoa mbali. Walilikuta kwa wakulima wa huku kwetu, walioliita hivyo kundi lile la nyota kwa sababu liliwaambia wakati wa kulima. Sasa nikuulize wewe uliyetoka ibadani leo: unaweza kumwonyesha mtoto wako Kilimia kiko wapi? Wengi wetu tunalisoma jina hilo mimbarini kama tunavyosoma majina ya wafalme wa Ashuru.

Anayeishi Dar es Salaam ana udhuru, maana mwanga wa taa za jiji ukipanda angani nyota ndogo humezwa. Wewe wa Nachingwea na Ruangwa huna. Toka mjini kwa pikipiki kilometa kumi au ishirini, upande mgongo wa kilima kilicho mbali na taa za barabara na za machimbo, usiku usio na mwezi. Julai, mvua zimekwisha na moshi wa kuchoma mashamba haujatanda, Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi wako saa nne usiku. Upande wa kusini utaona Msalaba wa Kusini umeinama. Kule Namibia, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa ajili ya giza la anga lake, na wageni husafiri kutoka mbali na kulipa fedha nyingi ili waone kile ambacho mtu wa kijijini Nachingwea hukiona akienda msalani.

Kwa nini basi hatutazami? Naona sisi watu wa kanisa tuna sehemu yetu ya lawama. Tumehubiri giza kuwa dhambi mpaka usiku wenyewe tumewaachia wachawi. Mtoto akikaa nje anatazama juu, anaitwa ndani haraka. Mtu akisimama kilimani usiku, anadhaniwa mwanga. (Lugha yetu nayo ina utani wake: mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi wa usiku!) Ni kweli Yohana anatumia giza kama mfano wa uovu, na mfano huo una maana yake. Lakini katika Mwanzo 1:5 ni Mungu mwenyewe aliyelipa giza jina, Usiku, kama mzazi anavyompa mwanawe jina. Na Luka 6:12 inatuambia Yesu alikwenda mlimani akakesha huko akiomba. Mlima ule haukuwa na taa.

Mkumbuke na Abrahamu. Alipokuwa amechoka kungoja mtoto, Mungu alimtoa nje, akamwambia azihesabu nyota kama anaweza (Mwanzo 15:5). Hebu fikiri kama nje ya hema lake pangekuwa na taa kubwa tatu zinazomulika juu. Angehesabu nyota kumi na tano, akarudi kulala.

Sisemi umeme vijijini ni mbaya. Mkunga anauhitaji, na mama anayerudi kutoka mazoezi ya kwaya anauhitaji. Nasema juu ya taa za uani kwa kanisa zinazowaka mpaka asubuhi na kumulika mawingu, ambako hapiti mtu. Hata mlinzi hazimsaidii sana. Zikimpiga machoni hamwoni mwizi aliye kivulini. Zielekezwe chini, ziwekewe kofia, na zile zisizo na kazi zizimwe ibada ikiisha. Lilete jambo hilo kwenye halmashauri ya parokia au baraza la usharika, hata kama watakucheka kwanza.

Kisha wapelekeni watoto wa kipaimara kilimani usiku mmoja. Mwarifuni mwenyekiti wa kijiji mapema, mwende wengi, na mwulize wenyeji kama tembo wamepita karibu, maana wilaya hizi zinawajua. Zimeni tochi, macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza. Mwenye simu nzuri aiegemeze kwenye jiwe isitikisike, aiweke kwenye picha za usiku, na aiache ivute mwanga sekunde kumi au zaidi. Ila picha zisianze kabla ya macho.

Kilimia chenyewe, kuanzia mwisho wa Juni, huchomoza mashariki kabla ya mapambazuko. Novemba, mvua zikikaribia, huchomoza jioni jua likiisha kuzama, na hukaa angani karibu usiku kucha. Tafuta kishada kidogo cha nyota sita au saba zilizobanana, kikitangulia Orioni.