Anayelisha Wengine Naye Ale



Katika mkutano wetu wa Kwaresima iliyopita tulimtaja mama mmoja wa shirika letu kuwa mfano wa kujitoa. Anamwuguza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja, analea wajukuu watano, na kila asubuhi huuza makaa sokoni. Yeye mwenyewe ana ugonjwa wa kisukari, hujidunga insulini mara mbili kwa siku. Tulimsifu kwa kuwa hula wa mwisho, na siku nyingine hali kabisa. Tulipiga makofi. Leo tunayaonea aibu makofi yale.

Wiki chache baadaye alianguka jikoni, mwiko ungali mkononi. Alikuwa amejidunga alfajiri, akawagawia watoto uji wote, akaenda sokoni na kurudi bila kutia kitu kinywani. Insulini ikifanya kazi pasipo chakula, sukari ya damu hushuka mno: mtu hutetemeka, hutoka jasho, maneno humchanganyika, na asiposaidiwa huzimia. Majirani walisema ni karuho, wakaanza kutafuta majani ya kumtapisha. (Huku kwetu Kivu, kila aangukaye ghafula huhesabiwa amelishwa sumu.) Mjukuu wa miaka 11 ndiye aliyesema, « Nyanya hajala. » Kwa kuwa mama alikuwa bado anaweza kumeza, mtoto alimnywesha maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari. Baada ya robo saa alikaa mwenyewe, akapewa bugali. Kama angekuwa amezimia kabisa, hata maji hayo yasingefaa kutiwa kinywani, maana yangemkaba; ingebidi kumlaza ubavu na kukimbilia kituo cha afya.

Huko kituoni, kesho yake, muuguzi alimvua viatu. Chini ya unyayo kulikuwa na jeraha la kaa la moto, lenye usaha, la siku nyingi. Hakuwa amelisikia. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva za miguu, hata mtu hukanyaga moto asijue. Huharibu pia macho na figo. Basi tukauliza: huyu anayejidunga kila siku, sukari yake ilipandaje? Akajibu kwa kuona haya. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1000. Daktari alimwandikia yuniti 36 kwa siku, yaani kichupa kinatosha siku 27. Yeye alikifikisha wiki sita, akijipunguzia dozi siku zile alizoona ana nguvu, ili fedha inunue sabuni na nepi za mkwewe. Tena kichupa kikiisha kufunguliwa na kukaa wiki nne hivi, hasa kwenye joto la chumba chenye mabati, hakitegemewi tena.

Wako watakaosema upendo ni kujisahau. Sisi tunasema fundisho hilo, likiachwa hivyo bila maelezo, litamkata mama huyu mguu. Akipoteza mguu, nani atamgeuza mkwewe kitandani? Tumtazame Msamaria wa mfano ule tunaoupenda. Alifunga majeraha, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake. Kisha akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, akatoa fedha, akaendelea na safari yake. Hakukaa pale mpaka naye akaanguka. Alitafuta mtu wa pili. Sisi, tuliokuwa watu wa pili, tulikuwa ukumbini tukipiga makofi.

Kuhusu kufunga, sheria ya Kanisa haimlazimishi mgonjwa. Anayejidunga insulini asifunge kwa siri ili aonekane sawa na wenzake, na kiongozi asimwulize mbele ya watu kwa nini anakula. Tena katika mikesha ya sala husikika sauti ya kumwambia mgonjwa atupe sindano kwa kuwa amekwisha kupona. Hilo tunalikataa bila kuuma maneno. Kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, akiiacha, hufa kwa siku chache au wiki chache. Watoto wa namna hiyo walikuwa wakifa kabla ya Januari 1922, pale Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipodungwa insulini kwa mara ya kwanza huko Toronto. Kumwombea mgonjwa na kumnunulia kichupa ni kazi mbili zinazokaa pamoja vizuri.

Jeraha la mama linafungwa upya kila siku, na muuguzi amemkataza kuchukua mzigo. Tumegawana zamu: mmoja wetu hufika saa moja asubuhi na mwingine saa kumi na mbili jioni, akamlisha mama mkwe wakati mama mwenyewe anajidunga na kula palepale, mbele ya macho yetu. Mwanzoni alikataa kula mbele ya wageni. Sasa hututania kwamba tumekuwa wakwe zake wapya. Kwa kuwa umeme hukatika siku nzima, tumenunua mitungi miwili ya udongo. Mdogo umewekwa ndani ya mkubwa, katikati mchanga, na vichupa hukaa humo katika ubaridi. Mchanga huo hautakiwi kukauka. Bado tunatafuta mtu wa kuumwagia maji siku za Alhamisi.