Fumbo la Lebo: Mlaji na Haki ya Kujua Alacho

Wahenga walinena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hata hivyo, lipo fumbo moja liwashindalo wajinga na werevu sawia: lebo ya chakula cha pakiti. Mbele pana picha ya embe bivu na maneno ya kumvuta mnunuzi. Nyuma, kwa herufi ndogo mno, ndipo ukweli ulipojificha.

Kanuni yenyewe si ngumu. Viambato huorodheshwa kuanzia chenye uzito mkubwa zaidi hadi chenye uzito mdogo. Lakini sukari ina majina mengi: glukosi, dekstrosi, fruktosi, shira ya mahindi. Ikigawanywa katika majina matatu, kila jina hushuka chini katika orodha, naye mnunuzi akadhani sukari ni kidogo. Chumvi nayo hujificha katika jina la sodiamu. Miligramu 400 za sodiamu ni sawa na takriban gramu 1 ya chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku.

Kisha zipo tarakimu. E102 ni tatrazini, rangi ya manjano ambayo tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya umeagiza iandamane na onyo kwamba yaweza kuathiri vibaya mwenendo na umakini wa watoto. Kwa upande mwingine, E300 ni vitamini C tu, na E330 ni asidi ya sitriki, ile ile iliyomo katika limau. Asiyejua maana ya tarakimu hizi huogopa kisicho na dhara na kukumbatia cha kutahadhariwa.

Hapa ndipo suala la chakula linapogeuka kuwa suala la lugha. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ajabu ni kwamba pakiti nyingi madukani zina jina la Kiswahili mbele, ilhali viambato vyake vimetajwa kwa Kiingereza nyuma. Kiswahili kinaonekana kufaa kuuzia, wala si kutahadharishia.

Wapo wadaio kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo haina mashiko. Kiambato na kihifadhi ni maneno yaliyopo tayari. Mengine yaweza kutoholewa kama vilivyotoholewa vitamini na protini. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) halina budi kudai viambato viandikwe kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza. Nao wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wasingoje kualikwa: waziandae istilahi hizo, wazisawazishe na kuzieneza. Mzazi amchaguliaye mtoto biskuti hahitaji shahada ya kemia ili ajue anachonunua. Anahitaji kuandikiwa kwa lugha aielewayo.